Simu Iliyotiwa Kufuli

Tangu astaafu kung'arisha pete kwenye karakana ya sonara huko Hockley, ughaibuni, Bi Madhu hushinda akitazama tamthilia za Kikorea za mapenzi ya miaka ya sabini. Mumewe, Harshad, hukaa naye akijifanya anasoma gazeti. Wote wawili walikulia Kisumu, na mpaka leo wakigombana, hugombana kwa Kiswahili.

Mchana mmoja wa mvua, msichana wa tamthilia alikuwa akilia mbele ya simu ya kuzungusha namba. Baba yake ameitia kufuli ili namba zisizungushwe, na mpenzi wake anasubiri apigiwe.

"Wacha kulia, mjinga wewe!" Madhu akafoka. "Gongagonga kile kitufe chini ya mkono wa simu! Namba tano, gonga mara tano. Itaita tu!"

Gazeti likashuka polepole.

"Mwaka mzima kabla hatujaoana," Harshad akasema, "kila Jumapili nilikaa kando ya simu yetu. Ukaniambia baba yako ameifunga yenu."

"Ilikuwa na kufuli, mzee."

"Kumbe ulijua kuipiga hivyo hivyo."

Madhu akaongeza sauti ya televisheni. Juu ya mkono wa kiti, vidole vyake vilikuwa vikigonga namba ambayo haikuwa ya kwa kina Harshad.