Mchele wa Rafah

Mhadhiri wa saikolojia ya wanunuzi, pale chuoni Mosul, alikuwa na simu tatu na wimbo mmoja: binadamu hanunui kitu, hununua hisia. Siku aliyoeleza jinsi tangazo la "zimebaki chache" linavyomtia mteja wazimu, darasa zima lilicheka. Ghazwan naye alicheka, akaandika kila neno, halafu akapitia dukani akabeba mifuko ya mchele. Ilikuwa imebaki michache.

Aliilundika chini ya kitanda chake bwenini, pamoja na mingine. Utotoni, mji wa kale ulipozingirwa, kwao walichemsha magugu ya ukutani wakayaita supu. Asubuhi moja mdogo wake, Rafah, alitoka kuulizia unga kwa jirani. Mabomu yakaanza. Hakurudi, wala maiti haikuonekana. Tangu hapo Ghazwan alimwekea fungu lake.

Fukusi, wadudu wa nafaka, nao wakaliona fungu hilo. Walipoenea ghorofa nzima, akaja Abu Dhafir, msimamizi wa bweni.

"Mwanangu, unasomea biashara au umefungua ghala? Alasiri nikikuta hata punje, utoke nayo!"

Kutoka bwenini kulikuwa kutoka chuoni. Ghazwan hakuwa na pa kulala kwingine mjini.

"Acha kunung'unika," alisema Nawfal, mwenzake wa chumbani. "Tuupike wote, tugawe sadaka ya marehemu. Nani atathubutu kuikataza? Mzee mwenyewe atakuja na sinia."

Wakapepeta, wakaazima sufuria la harusi. Harufu ikashuka ngazi zote, na kabla ya alasiri foleni ya sahani ilifika uani. Abu Dhafir alikuja na sinia kweli.

"Haya, tumsomee nani Alfatiha?" aliuliza, maana bila jina hakuna anayekula.

Ghazwan akainama kukoroga wali. Nawfal, aliyezoea kumsikia akiweweseka usiku, akamsaidia: "Rafah, mdogo wake."

Mikono ikainuliwa. "Mungu amrehemu Ra—"

Ghazwan akabamiza kifuniko juu ya sufuria.

"Teremsheni mikono."

"We Ghazwan, watu wana njaa!"

"Hajafa. Amechelewa."

"Kachelewa miaka yote hii?" mmoja alicheka nyuma, akajikuta anacheka peke yake.

Abu Dhafir akamsogelea, akanong'ona karibu kwa huruma, "Mwanangu, sema tu ndiyo. Sisi tule, wewe ulale kitandani kwako."

Ghazwan aliutazama mvuke ukipenya pembeni mwa kifuniko. Neno moja tu. Hata mhadhiri wake angesema bei ni nzuri.

Akachukua gunia, akaanza kuchota. Hakuna aliyemzuia, wala aliyemsaidia, isipokuwa Nawfal aliyeshika mdomo wa gunia huku akilia na kumtukana.

Akatoka getini na gunia begani. Wali ulikuwa bado wa moto, ukimuunguza mgongo kupitia shati. Hakulitua.