Skrubu ya Bwana Gminder

Bwana Gotthilf Gminder amebuni mitambo ya kugeuza magurudumu ya nyuma ya magari kwa miaka thelathini na minane, na yeye mwenyewe huja kazini kwa baiskeli. Wageni hudhani ni mambo ya afya. Sisi tunaomjua tunajua kwamba ni bei ya petroli.

Nilihamia huku Swabia, kusini mwa Ujerumani, kwa ajili ya mume, nikabaki kwa ajili ya kazi. Mimi ndiye fundi wa chumba cha majaribio. Miaka kumi na tisa nimekaa meza moja na Bwana Gminder, tunakula mkate wa saa tatu pamoja kila siku, na bado ananiita Bi Mwanaidi kana kwamba tumekutana jana posta. Hajawahi kunisifu. Hajamsifu mtu yeyote. Hapa watu husema asiyekemewa amekwisha sifiwa, na Bwana Gminder ameushika msemo huo kama wengine wanavyoshika sala.

Sifa yake kubwa ni ubahili wa umeme. Ile swichi nyekundu karibu na mlango, inayozima chumba kizima kwa mpigo mmoja, aliifunga mwenyewe mwaka wa tisini na nne. Hakuna mwingine anayeigusa. Akienda kula, pah! Akienda chooni, pah! Mara mbili amenizima nikiwa ndani.

Msimu huu wa kiangazi atastaafu, na mtambo ninaousimulia hapa ulikuwa wa mwisho wake. Ndani yake kuna mota ndogo, mkanda, na skrubu nene kama mpini wa jembe. Mota ikizungusha, skrubu inasogea kushoto au kulia, na magurudumu ya nyuma yanapinda kidogo, hivyo gari refu linakata kona kama gari fupi. Lakini umeme ukikatika njiani, skrubu lazima ibaki palepale ilipo. Gurudumu la nyuma likianza kujiamulia safari yake mtu yuko mwendo wa kasi, hapo hakuna tena mzaha.

Februari, Nurcan Aydemir alinyoosha mkono mkutanoni. Nurcan ni mhandisi wa miaka ishirini na minane. Babu yake alitoka Uturuki, lakini yeye ni Mswabia hadi kwenye kucha.

"Bwana Gminder, hii skrubu ikipata moto halafu itikiswe, itateleza," alisema. "Tuiwekee breki ndogo."

"Breki ya nini?"

"Ya kuishika umeme ukikatika."

"Breki," alisema Bwana Gminder akimenya yai lake, "ni ya mtu asiyejua kuchonga skrubu."

Watu wakacheka. Nurcan akashusha mkono, na nilimwona masikio yakimwiva. Mimi nilinyamaza, jambo ambalo sijivunii.

Basi tukaufunga mtambo kwenye meza ya majaribio: saa mia tatu mfululizo, ukipashwa moto, ukitikiswa, ukisukumwa na uzito kama barabara inavyosukuma gurudumu. Alhamisi wangekuja watu wa kampuni ya magari kutazama matokeo. Wakiridhika, mtambo ungeingia kwenye magari yao, na Bwana Gminder angestaafu kifua mbele.

Jumatatu asubuhi nikafungua mlango, nikakuta kimya. Hesabu ya saa ilikuwa imesimama kwenye mia mbili sabini na moja.

Bwana Gminder aliingia na kofia ya baiskeli kichwani. Uso ukambadilika rangi.

"Nani kazima?" alifoka. "Nani? Nauliza! Saa mia mbili sabini na moja! Huyo mtu nikimpata!"

"Tulia kwanza, Bwana Gminder."

"Nitulie vipi! Mpumbavu gani anazima umeme wa jaribio?"

Nikamwonyesha misumari ya mlangoni, kila mmoja na jina la mtu chini yake, tunapotundika kibao cha wiki ya kufagia. Kila mtu ana wiki yake, na kibao huhamia kwa anayefuata Jumamosi, sakafu ikishang'aa. Sheria yake mwenyewe.

"Wiki hii iliyokwisha ilikuwa ya nani?" nikauliza.

Akatazama kibao. Akatazama sakafu, ambayo kusema kweli ungeweza kulia chakula juu yake. Akatazama swichi. Nilimwona anaifuata njia yake yote ya Jumamosi: akafagia, akapangusa, akahamisha kibao, akaridhika, na akitoka, pah! Siku zote za jaribio alikuwa amejizuia, lakini mazoea yana taabu.

"Mungu wangu," alisema, akakaa kwenye ndoo.

Ningecheka wiki nzima, kama si kinasa kumbukumbu, kile kifaa kinachoandika kila msogeo wa skrubu. Kina betri yake, kwa hiyo kiliendelea kuandika baada ya umeme kuzimwa. Nikakisoma, kisha nikamgeuzia kioo chake. Katika zile sekunde chache meza ikimalizia kutikisika, skrubu ikiwa ya moto, ilirudi nyuma milimita mbili. Ilitakiwa isirudi hata unywele.

Akasimama. Akawasha kila kitu, akangoja vyuma vipate moto, akazima. Skrubu ikashika. Akarudia, ikashika. Mara ya tatu ikateleza. Mchana kutwa alikuwa akiwasha na kuzima, yeye anayeona uchungu wa balbu moja, wala hakula mkate wake. Mara sita ikashika, mara mbili ikateleza.

"Nani mwingine kaona?" aliniuliza jioni.

"Mimi na wewe tu."

Jaribio la kuzima umeme halikuwa kwenye ratiba ya Alhamisi. Angeweza kusema meza iliharibika, akaendelea na zile saa zilizobaki, akastaafu, akaenda zake kupanda figili. Nilijua hivyo, naye alijua kwamba najua. Akavaa kofia yake akaondoka bila kwaheri, na mimi usiku ule nililala nimemkasirikia, maana niliogopa atakachofanya.

Alhamisi wageni wakaja, watu watano wenye suti. Bwana Gminder alikuwa amevaa tai, ambayo nadhani ni ya harusi yake.

"Mtambo haufai," alisema, kabla hata ya kahawa.

Mkuu wetu akakohoa. "Bwana Gminder ana maana kwamba..."

"Nina maana haufai. Umeme ukikatika, skrubu inateleza, mara mbili katika nane. Bi Aydemir aliniambia Februari kwamba inataka breki. Nikamjibu kwamba breki ni ya mtu asiyejua kuchonga skrubu. Mtu huyo ni mimi. Tupeni wiki sita."

Nurcan aliinamia daftari lake akaandika kitu, ingawa hakukuwa na cha kuandika. Wageni wakanong'onezana, wakatoa wiki tano.

Breki akaichora Nurcan. Bwana Gminder alikuwa akisimama nyuma yake akikosoa unene wa mistari, na mara moja nilimsikia akimuuliza kama springi ya breki hiyo haiwezi kupatikana kwa bei nafuu. Tukaanza saa mia tatu upya. Safari hii niliifunika swichi nyekundu kwa kopo la biskuti, na Jumamosi zote mbili za jaribio Bwana Gminder alifagia mikono yake ikiwa mbali na ukuta, kwa hiari yake, japo wiki hazikuwa zake.

Saa ya mia tatu ilitimia asubuhi moja tukila mkate. Nikaondoa kopo. Bwana Gminder akaiendea swichi, akanyoosha mkono, kisha akaurudisha mfukoni.

"Bi Aydemir," alisema. "Zima wewe."

Nurcan akanitazama. Nikamkonyeza. Akazima.

Chumba kikanyamaza, meza ikatikisika, ikatulia. Tukainama watatu juu ya kioo cha kinasa. Sifuri. Tulizima mara ishirini siku ile, na mara zote ishirini ilikuwa sifuri. Nilipiga kigelegele, Bwana Gminder akaruka kama aliyeumwa na nyuki.

"Haya basi, washa," alimwambia Nurcan akishika faili lake. "Taa moja inatosha."

Nurcan akawasha zote. Bwana Gminder aliinua macho akazitazama, moja baada ya nyingine, zote kumi na mbili, wala hakumkemea.