Dawa Iliyojaribiwa kwa Wengine

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha afya cha Ntoto, Titulaire, yaani muuguzi anayeongoza kituo, alinipa ufagio kabla ya kunipa sindano. "Dada, kwanza tuone kama unajua kuinama," akasema, na wagonjwa wakacheka. Niliinama. Ndivyo nilivyoanza uuguzi huko Walikale. Ninawaandikia ninyi vijana mnaoanza leo, kwa sababu ninawapenda, na kwa sababu kuna kazi moja ambayo sijaacha kuikasirikia.

Miaka mingi baadaye nilihamishiwa Masisi, kwenye kituo kimoja upande wa Nyabiondo. Huko ulitukuta utafiti wa dawa mpya ya malaria. Msiliogope neno hilo. Wagonjwa wengine hupewa dawa mpya, wengine ya zamani, kisha wote hufuatwa kwa majuma kadhaa ili kuona nani amepona. Lakini si kila mgonjwa anaingia. Kuna masharti, nasi tuliyaita vigezo. Mtu awe na makao ya kudumu, ili apatikane. Asiwe na ugonjwa mwingine. Na mwanamke asiwe na mimba.

Sharti hilo la mwisho lilikuwa na sababu nzuri: hakuna aliyejua dawa ingemfanya nini mtoto tumboni. Kwa hiyo kila mwanamke wa umri wa kuzaa alipewa kikopo, akaenda chooni nyuma ya kituo, akarudi na mkojo upimwe. Sasa, kwa familia zetu za milimani, mimba changa haitangazwi. Mama mkwe mwenyewe hungoja mpaka tumbo lionekane. Na aliyerudishwa kwenye benchi baada ya kikopo, foleni nzima ilijua ni kwa nini.

"Mama infirmière, mimi niko na homa tu," waliniambia, maana ndivyo walivyomwita muuguzi. "Hiyo kikopo yako, pelekea wengine." Wakakaza vikwembe vyao viunoni, wakapanda mlima na homa yao.

Tukabaki na wanaume, wavulana wa shule na wamama wazee. Wakimbizi waliokaa kwa ndugu zao hatukuwachukua pia, maana kesho wangeweza kuhama. Nikamwendea Dokta wa utafiti, mkubwa wetu aliyetoka mjini. Hakuwa mtu mbaya. Alisalimia hata walinzi kwa majina.

"Dokta, malaria inatesa sana wamama wenye mimba," nikamwambia. "Na hatuna hata mumoja. Tukimaliza na hawa, tuanze polepole na wale, kwa ridhaa yao, na tupimie ndani ya chumba, siyo mbele ya foleni."

"Mama, utafiti ndiyo hivyo. Tunaanza na wenye nguvu. Wengine watafuata."

"Watafuata siku gani?"

Akacheka. "Sasa Mama anataka kuniandikia na protocole?"

Protocole ndiyo mpango wa utafiti wote, na haukuwa wangu kuuandika. Matokeo yakasomwa mkutanoni: dawa inawaponya wakaaji wa Masisi. Watu wakapiga makofi. Magari yakaondoka, na hao wa kufuata hakuna aliyerudi kuwatafuta.

Dawa ilipoletwa kituoni, niliiona kwa macho yangu kuwa ni nzuri. Lakini maelekezo yake yalisema isipewe mwenye mimba changa, kwa kuwa usalama wake haujulikani. Haukujulikana kwa sababu hakuna aliyetazama. Wenye mimba changa waliachiwa kwinini, dawa chungu inayovumisha masikio, ya kumeza mara tatu kwa siku, juma zima.

Ndipo akateremka kutoka mlimani Mama Sifa, mkulima wa maharage. Mume wake alipona katika ule utafiti. Yeye aliniinamia sikioni, akanong'ona kwamba ana mimba na kwamba hata mumewe bado hajui. Kisha akaonyesha rafu kwa kidole.

"Nipe ile ya bwana yangu."

"Ile haiko ya mwenye mimba, dada."

"Inaua mutoto?"

"Hatujui."

"Hamujui?" Akanyanyuka, homa ikimtetemesha. "Mwaka muzima mulikuwa hapa na magari. Mulikuwa munatafuta nini, njia?"

Nilimpa kwinini kama maelekezo yalivyotaka. Akaitapika, akaimeza tena, akaitapika. Masikio yalipoziba hata asisikie watoto wake wakimwita, akaiacha. Homa ikarudi na nguvu mpya, na mimba ikatoka akiwa shambani. Kwa kuwa, zaidi yangu, hakuna aliyejua kwamba mtoto alikuwapo, hakuna aliyekwenda kumpa pole. Nilipanda mlima mwenyewe, na hata hapo tulizungumza kwa sauti ndogo, kama wezi.

Niliporipoti, Titulaire wa kituo hicho cha Masisi alitikisa kichwa. "Wamama wa hapa ni wakaidi. Hawamalizi dawa." Basi. Lawama ikamwangukia Mama Sifa.

Sasa nimestaafu, ninapalilia bustani yangu, na wanafunzi wa uuguzi hunitembelea. Ninawaambia waipende kazi hii na wasidharau utafiti, maana bila huo tungekuwa tunabahatisha. Lakini nanyi mkiambiwa dawa inaponya, ulizeni imemponya nani. Halafu tazameni benchi lenu, mwone kama watu hao ndio waliokaa hapo. Wakiniuliza kwa nini nasema kwa hasira, ninawasimulia juma langu la mwisho kazini.

Maelekezo mapya yalikuwa yamefika: hata wenye mimba changa wapewe dawa ile. Katika nchi nyingine, wanawake walikuwa wameimeza kabla ya kujua kwamba wana mimba, na hatimaye kuna watu waliojisumbua kuwafuata. Watoto wao walizaliwa salama. Asubuhi moja Mama Sifa akaingia na mdogo wake, mwenye homa na mimba ya miezi miwili. Nikashusha kiboksi kutoka rafuni.

Mama Sifa akakitambua. "Walibadilisha dawa?"

"Apana, dada. Iko ile ile."

Alikichukua, akakigeuza upande huu na upande ule. Kisha akamimina maji kwenye kikombe, akampa mdogo wake pamoja na vidonge.

"Kunywa," akamwambia. "Mimi nitakungojea inje."