Mitungi Isiyomwagwa

Ndolo Katee alikuwa na sheria moja katika kazi yake: mitungi ikijaa yote, mwaga maji ya zamani ndipo uteke mapya. Usiongeze mtungi. Aliirithi kwa mama yake, Mwongeli, aliyeuza maji katika kibanda kidogo Kitengela, ambamo safu mbili za mitungi zilienea na hapakubaki hata pa kuweka kiti. Maji yaliyolala alimwagia sukuma wiki, akasuuza mitungi, akajaza upya. Aliyemwambia kuwa anapata hasara alijibiwa, "Hasara ni kibanda kuniangukia."

Ndolo alipokua akawa mwandishi wa programu za kurusha picha mubashara kwa simu. Kila picha inayopigwa huwekwa kwanza mahali pa kungojea zamu ya kupita mtandaoni. Mafundi hupaita bafa. Ndolo alipaita mtungi. Mtandao ukiwa mzito mitungi hujaa, kwa hiyo programu yake ilitupa picha zilizochelewa na kushika mpya. Picha iliruka kidogo, lakini mtazamaji aliona jambo likitendeka saa ile ile, si lililopita kitambo. Kwa sababu hiyo familia za Kitengela hadi Isinya zilimwita kwa harusi na mazishi yao.

Mwajiri wake, Kiragu, hakupenda kuruka huko. Alikuwa akiwinda kazi ya kurusha mikutano ya mheshimiwa mmoja, na jaribio walilofanya soko la mifugo la Bisil lilimkera.

"Ndolo, umeona mdomo wa mheshimiwa? Unaruka kama wa mbuzi akitafuna. Hiyo ni aibu!"

"Boss, mtandao wa pale ulikuwa chini. Imetupa picha za zamani ndio isijae."

"Isitupe kitu. Kila neno la mheshimiwa ni la maana."

"Zisipotupwa zitarundikana. Memori ya simu iko na mwisho."

"Simu za siku hizi ni kubwa, bana. Ongeza mitungi, wewe mtoto wa kibanda!"

Ofisi nzima ikacheka, na Ndolo akacheka nao. Kisha akaketi akafuta mistari iliyoamuru picha za zamani zitupwe. Wako watakaosema aliamriwa. Ndiyo, aliamriwa. Lakini vidole vilivyofuta vilikuwa vyake, na katika ofisi ile hakuna aliyejua matokeo kumshinda yeye. Mtu anayejua kisha akacheka ni mbaya kuliko asiyejua.

Haukupita muda Mzee Wathome akafariki, na familia ikaamua kumzika katika shamba lake Isinya. Binti yake mdogo, Mwelu, ni mfanyakazi wa nyumbani ng'ambo, huko Dammam, na tajiri wake alimkatalia ruhusa. Katika familia ile kila mtoto hutupa udongo kaburini. Asiyekuwepo hutupiwa na ndugu yake, jina lake likitajwa kwa sauti. Dada mkubwa, Phylis, alimkuta Ndolo asubuhi ya mazishi akiunganisha kamera na simu yake.

"Ndolo, kwaya na maua hata ukikosa sijali. Nipatie tu ule udongo. Mwelu ameniambia akiuona ukianguka, atalia amalize."

"Ataona, dada Phylis."

Aliahidi hivyo akiwa na programu iliyofutwa sheria mkononi.

Ibada ilipokaribia mwisho, mheshimiwa akatokea na msafara wake. Hakuna aliyekuwa amemwalika. Ochola, aliyeongoza shughuli, alimpa maikrofoni kwa mikono miwili, na hakuthubutu kuidai tena. Mheshimiwa akaongea juu ya barabara, juu ya hati za mashamba, juu ya maadui zake, jeneza la mtu likiwa mbele yake. Umati ukainua simu kumrekodi, na mtandao, ambao Isinya haukuwa na nguvu tangu mwanzo, ukawa mzito kabisa. Pembeni mwa kioo cha simu ya Ndolo hesabu ya mitungi ikapanda, ikapanda, wala haikushuka.

Hatimaye mheshimiwa akaketi. Jeneza likabebwa hadi kaburini. Hapo ujumbe wa Mwelu ukaingia: "Huyu bado anaongea? Mtaenda kaburini saa ngapi?"

Ndolo akaelewa. Kule Dammam hotuba ilikuwa ingali katikati. Akamgeukia Kiragu, aliyekuja kusimamia kazi na sasa alisimama nyuma yake.

"Boss, wacha nizime niwashe. Mitungi itamwagika, Mwelu apate kuona hapa tulipo."

"Na hotuba? Watu wa mheshimiwa wanaiangalia hiyo hiyo. Umkate akiwa katikati?"

"Lakini wanashusha jeneza!"

"Gusa hiyo simu uone kama kesho uko na kazi."

Hakugusa.

Phylis akainama, akachota udongo, akainua mkono kuelekea kamera. "Huu ni wa Mwelu! Mwiitu wa mwaitu, dada yangu, unaona?"

Alimtazama Ndolo, akingoja jibu. Na Ndolo, aliyejua kwamba Mwelu haoni, aliitikia kwa kichwa.

Udongo ukaanguka. Punde simu ikaishiwa memori, ikaiua programu, kioo kikawa cheusi. Ilipowaka tena vijana walikuwa wakisawazisha tuta kwa majembe. Rekodi nayo ilitegemea mitungi ile ile. Picha zote zilizokuwa zikingoja zilipotea. Hotuba ya mheshimiwa ndiyo iliyohifadhiwa, safi, bila kuruka.

Jioni Mwelu alimpigia dada yake. "Mlimzika baba, ama mlifanya mkutano?"

"Nilikutupia, Mwelu. Naapa. Ndolo aliniitikia kwamba unaona."

"Niliona mtu wa tai nyekundu akipiga meza."

Kiragu alipata kazi aliyoiwinda. Phylis alikwenda ofisini kuuliza, Kiragu akamwambia mtandao hauna adabu, kana kwamba ni mtandao ulioitikia kwa kichwa pale kaburini. Ndolo alikuwa ameketi hapo hapo, akaendelea kuandika programu. Baadaye alirudisha ile mistari, na programu inafanya kazi vizuri sasa.

Mzee Wathome hazikwi mara ya pili. Mwelu hakuona udongo wake ukianguka, na hatauona.