Ndugu zangu wa Marekani waligombana ndani ya sala, mama akiwa anasikiliza

Wakuu, salaam. Niko Lewisham, London. Nimetoka shift ya asubuhi care home, nyumba ya kutunzia wazee. Ninachoandika hakina chumvi, natamani kingekuwa nayo.

Sisi ni watatu, Walutheri wa Moshi. Kaka Elia yuko Minnesota, dada Neema yuko Texas, wote raia wa kule na wanapiga kura. Mimi kitinda mimba niko huku kwa Mfalme.

Mama mmoja, kipaimara kimoja, lakini Marekani imewagawa.

Kwa dada, ukipigia kura upande unaoruhusu kutoa mimba umemkana Kristo. Kaka naye, kanisa lake linahifadhi wahamiaji. Kwake anayeshangilia watu kufukuzwa hajawahi kufungua Biblia. (Na wote wananukuu Mathayo, mimi nabaki kukodoa macho.) Mwaka mzima hawakuongea.

Mama, aliyebaki Moshi, akapata stroke (kiharusi). Maneno yakawa yanamtoka kwa shida, na ombi lake likawa moja tu: awasikie wanawe wakiomba pamoja kabla hajaondoka.

Nikapanga group call, Jumapili baada ya ibada. Nikawasihi mmoja mmoja: siasa hapana. Wakakubali.

Kwetu mtu akiwa anaomba hakatizwi, hata nyumba ikiungua. Ndiyo maana nilidhani kwenye sala tutakuwa salama. Ujinga wangu.

Dada akaanza vizuri, akamwombea mama huku analia. Mara:

"Na uisafishe Marekani, Baba. Waaibishe wanaoua watoto tumboni, na wanaowapigia kura huku wakijiita Wakristo."

Kaka hakungoja zamu.

"Na uwasamehe, Bwana, wanaomtetea mtoto akiwa tumboni, akifika mpakani wanamfungia."

Wakaendelea hivyo, wakuu. Kila mmoja anamjibu mwenzake kupitia kwa Mungu, sauti zinapanda. Hakuna aliyesema Amina, maana angekuwa amekubali ya mwenzake.

Call niliianzisha mimi. Mute, kitufe cha kuwazima sauti, ilikuwa chini ya kidole changu. Nikaogopa kumkatiza mtu anayeomba.

Mama mdogo, aliyekuwa amemshikia mama simu, ndiye aliyekata. Aliniambia mama alijaribu kusema "basi", ulimi ukamgomea, akageukia ukutani.

Alhamisi akafariki.

Nimewapigia wote nikiomba tumzike pamoja. Dada anakwenda, ila kaka akiwepo hatasimama naye kaburini. Kaka kasema basi yeye atafuatilia online.

Nikamuuliza kila mmoja kama ana neno kwa mwenzake.

"Mwambie namwombea," dada akasema.

"Mwambie namwombea," kaka akasema.

Nilichojifunza, kwa kuchelewa: kuna sala za kukatizwa. Mungu angenielewa. Mama siwezi tena kumwomba msamaha.

Wenye ndugu Marekani, karibuni mseme. Kama kuna aliyewapatanisha watu wa hivi, aniambie alianzia wapi. Mimi napanda ndege kesho, na sijui nitamwambia nani pole.