Baba Alipokwenda Banda la Video

Tuliokulia Mabatini miaka ile ya tisini, biashara zilipoachiwa huria na kila mwenye jirani tajiri akaanza kusikia redio za Kijapani ukutani, sinema tulitazama tukiwa tumekalia matofali. Banda la video la Mzee Saidi lilikuwa la mabati. Jua la Jumamosi likipiga, humo ndani tulinuka jasho, karanga na mafuta ya taa, na hakuna aliyelalamika.

Pale ndipo tulipomjua askari wa kweli: kifua wazi, kitambaa kichwani, anaua kikosi kizima bila kupangusa uso. Nyumbani tulikuwa na askari mwingine, baba yetu, Sajini Lugembe mstaafu, aliyepigana vita vya Kagera akarudi na nishani. Alizivaa sikukuu za taifa juu ya koti la mtumba. Siku nyingine alikagua vitanda vyetu na kutufundisha kupiga viatu kiwi.

Kaka yangu Shija akamuuliza, "Baba, wewe uliangusha helikopta ngapi?"

"Hata moja."

"Sasa ulikuwa unafanya nini?"

"Kungoja. Kazi kubwa ya vita ni kungoja."

Shija akalitangaza hilo mtaa mzima. Watoto wakaanza kutuimbia njiani kwamba baba yetu alipewa nishani ya kungoja. Nyimbo zikamfikia Baba. Jumamosi iliyofuata akang'arisha viatu, akatutangulia bandani, akakaa mbele kabisa.

Shujaa alipoanza kumimina risasi, Baba akakohoa. "Hizo zilishaisha zamani, kijana." Shujaa akawasha sigara porini. "Haya, waite adui waje." Alipopiga kelele akikimbia kilimani, Baba akatikisa kichwa kwa huruma. "Marehemu huyo."

Banda zima likavunjika mbavu. Mzee Saidi akamwinamia. "Mzee, watu wamekuja kuona sinema."

"Mwache aseme," watu wakajibu. "Picha tumeshaiona."

Tangu hapo Baba akawa haingii kwa kiingilio, na waliochelewa walikosa tofali. Kiingereza hakujua hata cha kuombea maji, lakini alitueleza kila neno la majenerali. Mimi na Shija tukatembea Mabatini vifua mbele.

Mpaka ilipoletwa picha moja ambamo askari walikimbilia helikopta, wakamwacha mwenzao majeruhi nyasini. Tukasubiri Baba aseme la kuchekesha. Akasimama, akaiziba televisheni kwa mgongo wake.

"Hawawezi kumwacha yule," alisema taratibu, akatoka.

Nilimfuata nje. "Baba, ni sinema tu."

"Najua, Kabula. Kesho uvae vizuri, tunakwenda Sengerema."

Tulivuka ziwa kwa kivuko, kisha tukatembea sana. Njiani akanieleza kwamba alikuwa na rafiki jeshini, Petro, aliyefia vitani, na kwamba miaka yote hiyo hakuwahi kupata moyo wa kumtazama mama yake Petro, aliyeishi huko. Tulimkuta yule bibi uani, anamenya mihogo. Baba akavua kofia.

"Shikamoo, mama. Mimi ni Lugembe, nilikuwa na Petro."

"Marahaba." Kisu kikasimama. "Mimi niliambiwa tu kwamba hakurudi."

Baba akaketi chini. Akamweleza kwamba Petro hakuachwa. Walimbeba mpaka roho ilipotoka, wakamzika kwa sala. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, ndipo akauliza, "Alikuwa ameshiba?"

"Alikula, mama. Hata ugali wake alinimegea."

"Mwanangu Petro? Akumegee chakula?"

Baba akainamisha kichwa. "Hapana, mama. Hata ugali wangu aliula yeye."

Yule bibi akacheka mpaka akashika ubavu, machozi yakimtiririka, na Baba naye akacheka na kulia, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Tulirudi jioni na furushi la mihogo. Kila mwaka baada ya hapo Baba alimpelekea samaki aina ya sato, hadi bibi alipofariki.

Siku hizi wanangu wanapigana vita kwenye simu, kila mmoja kona yake, masikio yamezibwa. Wa kwanza huniambia amekufa mara sita kabla ya chai, kisha anafufuka na kuendelea, hata hajasikitika. Sisi bandani askari wetu wa sinema alikufa mara moja tu, na tukamlilia pamoja, bega kwa bega, tukijifutia kamasi kwenye shati la jirani.