Magurudumu ya Darini

Jirani yetu, mchora mabango, hushika brashi kwa vidole vitatu, na kile kidogo hukikunja kama kinachoona aibu. Rangi nyeusi haijawahi kumtoka kwenye kucha. Tangu kiharusi kimlaze mkewe chali, amemchorea magurudumu dari nzima, kila moja likiwa na vipande vya nyeusi, buluu, nyeupe na njano vinavyofuatana kwa mpangilio uleule. Ukitembeza macho huku na huku, magurudumu yote huanza kuzunguka. Ukikazia macho mahali pamoja, yanasimama. "Macho yako ndiyo injini, jirani," aliniambia, akacheka kwa ile sauti yake yenye mikwaruzo.

Kila akimpelekea chai husimama mlangoni na kuuliza, "Mama, leo tumefika wapi?" Mkewe hujibu, "Punguza mwendo, utatuua!" Jana nilikuwa nyuma yake, nimebeba beseni la maji. Aliuliza kama kawaida. Mkewe alikuwa akitazama juu, macho wazi, yametulia tuli.

"Yamesimama, baba," alisema taratibu. "Yote."

Mchoraji alitua kikombe, akapanda juu ya stuli, akaanza kupaka upya weusi ambao bado ulikuwa umekolea.

"Rangi imefifia," alisema. "Ni rangi tu hii, mama. Nakutengenezea sasa hivi."

Alipaka gurudumu moja, akahamia la pili, na hakushusha uso hata mara moja kuyatazama macho ya mkewe.